Kibiriti Amepunguzwa Kazi

Mjomba,

Shikamoo. Sitasubiri uitikie. Hata ulipokuwa hai ulikuwa unaitikia huku umempa mtu mgongo, macho yote kwa mbwa.

Nakuandikia kutoka nyumbani huku Vudee, nimekaa kwenye kigoda nje ya jiko la mama. Kaburi lako naliona kutoka hapa. Ningeweza kuja kukuambia haya kwa mdomo, lakini mama anapita pale kila mara kuchuma mboga, na nina maneno ambayo sitaki dada yako anisikie nayo.

Tulipokuzika nililia siku tatu. Siku ya nne nilirudi shambani kazini, nikaacha kulia, maana siku hiyo ndiyo walimtangaza mrithi wako. Hilari. Karani wa stoo, Mjomba! Mtu ambaye mbwa akipiga chafya yeye anapanda juu ya meza. Meneja mpya alimpa kofia, filimbi na cheo: Mkuu wa Kitengo cha Mbwa. Wewe uliwalea mbwa wa shamba lile la mkonge tangu mimi sijajua kufunga kamba ya kiatu, ukaitwa "mzee wa mbwa" basi, na buti hukupewa. Hilari alipewa pea mbili za buti kwa sababu ya kwanza ilimbana.

Siku ya kwanza alitupanga sisi walinzi kwenye mstari akatuhutubia. "Sasa tunakwenda kisasa." Akapuliza filimbi. Mbwa wote kumi na mmoja wakaingia bandani wakalala. Nilifurahi sana, nakuambia ukweli.

Hicho cha kisasa ni ule mchezo wa mke wa meneja huyo. Unamkumbuka Madamu alivyokuja na gari limejaa milingoti ya rangi, akataka mbwa waruke viunzi, wapite ndani ya bomba, wapande pembea ya ubao wateremke upande wa pili, wapenye vijiti zigizagi, mtu wao akikimbia ubavuni bila kamba, na saa inahesabu. Ulimtazama ukaniambia kwa Kipare maneno ambayo sitayaandika. Kwa Kiswahili ulisema, "Mbwa anaruka hakuna anayemfukuza. Huyo ni mbwa au mcheza sarakasi?" Wiki haikuisha, nikakukuta nyuma ya kambi unachomelea mapipa matatu yawe bomba. Viunzi ulitengeneza kwa milingoti ya mkonge iliyokauka. Hukutaka mchezo wake. Ulitaka tu amwone Kibiriti akiwashinda wale mbwa wake wanaooshwa kwa shampuu. Kiburi chako kilikuwa kinatosha tarafa nzima.

Na kweli Kibiriti aliwashinda. Jike dogo la rangi ya kutu, amezaliwa chini ya kitanda chako kambini, ukamwita hivyo kwa sababu mwaka ule kibiriti kilikuwa hakipatikani dukani Hedaru hata ukilia. Alikuwa amezoea kuruka nyaya za kuanikia katani tangu mtoto. Viunzi vya Madamu kwake vilikuwa mzaha.

Mimi ndiye uliyenitesa. Hukuniruhusu kukimbia naye mpaka niwe nimetambaa mwenyewe ndani ya yale mapipa, magoti na viganja, kutu inaniingia puani. "Usimtume mbwa mahali ambapo wewe hujaingia." Kila bomba, kila uwanja, kila siku, mimi kwanza. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili natambaa kwenye mapipa ya dizeli, na watu wa kambi, waliotoka kila mkoa wa nchi hii, wamesimama wanaangalia. Nilikuchukia. Nilitoka na magoti kama ya mbuzi.

Sasa sikia. Serikali imeliuza shamba, lile jambo lililokuwa linasubiriwa. Wenye shamba wapya walitaka orodha ya kila kitu: matrekta, mashine, vitanda vya zahanati, mbwa. Halafu ikaja orodha nyingine, ya kupunguzwa. Unalijua neno hilo lilivyoenea, siku hizi hata watoto wanacheza mchezo wa kupunguzana. Kwa mtu maana yake ni barua na basi la kwenda kwenu. Kwa mbwa aliyepita miaka minane maana yake ni bunduki nyuma ya karakana. Wa kwanza kwenye orodha ya mbwa alikuwa Kibiriti.

Nilikwenda stoo nimefura. Nikamwambia Hilari, huyu si wa shamba, huyu ni wa Mjomba, kazaliwa kambini, kila mtu anajua. Hilari hakugombana nami. Alivuta daftari la mali taratibu, akalamba kidole, akafungua. Kulikuwa na mwandiko wako ule unaoegemea kushoto: "Kibiriti. Jike. Rangi ya kutu. Mali ya shamba." Chini yake sahihi yako.

Akafunga daftari akasema, "Mzee wako mwenyewe, dada."

Mjomba, sijawahi kumdharau mtu kama nilivyokudharau wewe siku ile. Hilari nilikuwa nimeshamdharau, yule hakunishtua. Lakini wewe! Wewe uliyenifundisha kwamba mtu anayempiga mbwa ni mvivu, anayemhonga ni mwongo, ulikuwa umemkabidhi mbwa wako kwa serikali kwa kalamu, kama mtu anayekabidhi jembe. Nilisema moyoni, kumbe na huyu alikuwa mtumwa wao tu, alitaka meneja wa zamani amsifu. Nilipita siku nyingi sitaki hata kulitaja jina lako.

Madamu ndiye aliyetoa nafasi. Aliandaa mashindano kwenye uwanja wa mpira wa shamba, walialikwa watu wa mashamba mengine na kampuni ya ulinzi ya huko mjini, na wageni kutoka Same na Hedaru. Akasema mbwa yeyote atakayemaliza bila kosa hatapunguzwa, hata awe mzee. Alisema hivyo akitabasamu, kama anagawa pipi. Niliomba nikimbie na Kibiriti. Hilari alicheka mpaka kofia ikaanguka. "Bibi kizee na bibi mdogo," akasema.

Yeye alikuwa anawafundisha wake kwa dagaa. Usiniulize nani alimfundisha. Kila asubuhi alikuwa anaweka kiganja cha dagaa katikati ya bomba, mbwa wanaingia mbio, yeye anajipongeza. Nilimwona nikanyamaza. Hayo ndiyo makosa ya mtu wa stoo: anadhani kiumbe chochote ukikiwekea kitu kwenye rafu kitakifuata, basi.

Siku ya mashindano bomba lilikuwa jipya, la turubai, la Madamu, na dagaa hairuhusiwi. Mbwa wa kwanza wa Hilari aliruka viunzi vizuri, akaingia bombani, hakutoka. Tuliliona turubai likitembea. Alikuwa anatafuta chake. Hilari anapuliza filimbi, bomba linajikunja huku na huku, mwishowe mbwa akatoka kwa mlango alioingilia, amenuna. Wa pili vilevile. Wa tatu alilala humo humo, ikabidi watu wawili wainue upande mmoja ili ateleze. Wageni walishika mbavu. Hilari akatangaza kwamba turubai lina harufu mbaya.

Nilipoitwa nilifanya ulivyonizoeza. Kabla ya kumleta Kibiriti nilipiga magoti mbele ya wageni wote, na suruali yangu ya ulinzi, nikatambaa nikaingia bombani. Kicheko kilichopigwa sitakisahau. Mtu mmoja alipaza sauti, "Huyo naye apimwe kwa saa!" Ndani mlikuwa na joto, na katikati turubai lilikuwa limelegea linagusa mgongo. Nikalivuta likakaza, nikatokea upande wa pili na majani kichwani. Niliwatazama wale wageni mmoja mmoja, na viatu vyao vya kung'aa, na soda zao. Nilifikiri, kesho mtarudi makwenu mkasimulie kwamba mmemwona mwanamke akitambaa, na huo ndio utakuwa werevu wenu wote.

Halafu tulikimbia. Mjomba, alikuwa na miaka tisa na kitu, na nyonga ya kushoto ilishaanza kumsumbua, lakini nilipogeuza bega tu aligeuka. Sikusema neno, kama ulivyotaka. Viunzi, safi. Bomba, aliingia akatoka kama maji. Kwenye pembea alisimama katikati, akasubiri ubao ushuke chini kabisa, na mimi nikasubiri naye, na hapo nililia huku nakimbia. Vijiti, hakugusa hata kimoja. Mtu wa saa aliitazama saa, akaitikisa, akaitazama tena.

Alikuwa wa kwanza. Wa kwanza kuliko wote, na kampuni ya mjini pia.

Unadhani basi wakanipa mbwa? Meneja alikuja akampapasa Kibiriti kichwani kwa vidole viwili, akasema mbwa mzuri kiasi hiki ni fahari ya shamba, atabaki, na ataongozwa na Mkuu wa Kitengo. Mimi akanipa mkono. Barua yangu ya kupunguzwa ilikuwa imeshachapwa tangu Jumatatu, niliiona mezani kwa Hilari, jina langu limekosewa.

Walitaka picha. Hilari akimbie na bingwa mbele ya kamera. Akamfunga mkanda, akampeleka mwanzoni, akamfungua, akapuliza filimbi. Kibiriti akapita chini ya kiunzi cha kwanza. Chini, Mjomba, polepole, kama mama mzee anayepita chini ya kamba ya nguo. Cha pili akakizunguka. Kwenye cha tatu akachuchumaa akakojoa, akiwa amemtazama Hilari usoni. Mpiga picha alipiga hiyo. Hilari akainua fimbo, Madamu akapiga kelele, na meneja, uso umemwiva kwa aibu, akasema mbele ya watu kwamba basi, mbwa amezeeka, arudishwe kwenye orodha.

Nilijua maana ya orodha. Nilijua na karakana iko upande gani wa uwanja.

Sikuomba. Kuwaomba watu wale kulikuwa kumenitoka kabisa. Nilitembea mpaka katikati ya uwanja, nikageuza bega, nikaanza kukimbia kuelekea barabara kuu. Kibiriti alinifuata. Aliruka kiunzi cha tatu, cha nne, cha tano, vyote vilivyokuwa njiani, akapita bomba, akatokea, akaruka na kamba ya kuzuilia watazamaji. Wageni walisimama wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya onyesho! Waliendelea kupiga, wakapiga vigelegele, na meneja aliyekuwa amesimama katikati yao ilibidi apige makofi naye. Nani angempiga risasi mbwa ambaye anapigiwa makofi? Tulipofika lami nilikuwa sina pumzi na yeye anachechemea. Hatukugeuka nyuma.

Lori lililokuwa linapandisha mabati ya kanisa lilituchukua mpaka huku juu mlimani.

Jioni ile ile, mama anachochea makande, nilimwaga yote. Nilimaliza na wewe. Nilisema, kaka yako alimuuza mbwa wake mwenyewe kwa sahihi, mtu mzima ovyo. Mama hakuinua sauti. Aliacha mwiko ndani ya sufuria, akauliza, "Ule unga wa njano uliokuwa unakula kambini, ulidhani unatoka wapi?"

Nilisema ni wa mgao wa wafanyakazi.

"Wafanyakazi walikuwa hawajapewa kitu tangu Pasaka. Mgao ulikuwa wa mbwa. Mbwa aliyeandikwa ndiye aliyepewa unga na mifupa. Nilikuwa nimekuleta kwake una miaka kumi na minne, shingo kama ya kuku, huku juu hatuna kitu. Akamwandika mtoto wa mbwa ambaye hata macho hayajafumbuka."

Nikakumbuka. Nakumbuka wewe na Kibiriti mkila mchuzi wa mifupa kutoka bakuli moja, nje, ukisema ugali unakujaza gesi. Nilikucheka. Mwaka mzima na zaidi nilikuwa nakula sehemu ya mbwa huku namcheka mwenye mbwa.

Nisamehe, Mjomba. Nilikutukana marehemu, tena si kidogo. Hilari simwombi msamaha, na meneja simwombi, na wale wa soda siwaombi. Dharau yangu kwao iko palepale, nzima, ninaitunza. Yako tu ndiyo naifuta. Ningekuwa na uwezo ningekufukua nikupigie magoti.

Nakuaga hapa, wino unakwisha na mama anarudi na kikapu chake. Lala, usihangaike na habari za tambarare, mashine zile hata mlio wake haufiki huku. Kibiriti yuko miguuni pangu. Nyonga imekuwa mbaya, kizingiti cha mlango siku hizi namvusha kwa mikono. Nakuahidi hivi: kila jioni, kiwepo chakula kingi au kidogo, sufuria ikiteremka jikoni nitampakulia yeye kwanza.

Ni mimi mpwa wako,
Nambua