Kisanduku cha Sabuni cha Kamanda

3 Machi

Kwako mwanangu,

Pokea salamu zangu. Mimi sijambo. Kifua kimeacha kunisumbua, na mkono wa kulia bado unashika bomba la kupulizia rangi bila kutetemeka, ingawa siku hizi gereji wananiita mara mbili tu kwa wiki. Wewe u hali gani na hizo lifti zako unazozitengeneza? Watu wakiniuliza kazi yako nawaambia mwanangu anapanda na kushuka kutwa nzima na jioni anajikuta palepale.

Ama baada ya salamu, paa la chumba chako limeanza kuvuja upande wa dirishani. Nilipokuwa nahamisha vitu nikalikuta lile kasha chini ya kitanda. Nimelifungua, usinune. Bastola za plastiki, miwani ya bati, redio isiyo na sauti. Nimeminya vitufe vyote na hakuna aliyenijibu kutoka angani. Niambie nivifanyie nini.

Jambo jingine. Siku ulipoondoka nilitamka neno kuhusu mtu mzima anayecheza na midoli. Tulikuwa tumemzika mama yako wiki mbili tu kabla, na akili haikuwa yangu. Sasa ni miaka mitatu hujakanyaga hapa. Sisemi kitu, nahesabu tu.

Baba yako

15 Machi

Shikamoo baba,

Mimi mzima wa afya. Nafurahi kusikia kifua kimepoa. Usiache dawa kwa sababu tu umepata nafuu, nakujua.

Hivyo vitu, baba, ni nakala za vifaa vya Safina ya Zohali, ile tamthilia ya safari za anga tuliyokuwa tukiitazama kwa kinyozi kila Alhamisi. Watoto wanane kwenye benchi moja, na kinyozi hamnyoi mtu mpaka iishe. Wateja waliondoka na nusu kichwa. Vifaa halisi vilivyotumika kwenye tamthilia vimefungiwa kwenye makabati ya matajiri. Sisi wengine tunanunua nakala za bei poa, za plastiki, zinakuja zinang'aa kama vijiko vipya, halafu tunazifanyia kazi wenyewe. Na siri ninayoipenda kuliko zote ni kwamba hata vile halisi vilikuwa vikorokoro vya nyumbani. Bastola ya mwanga waliitengeneza kwa mashine ya kukaushia nywele. Dira ya rubani ni kifuniko cha sufuria.

Tarehe 7 Juni wakusanyaji wa huku tunafanya maonyesho kwenye ukumbi wa maktaba. Kwa mara ya kwanza nimepewa meza yangu. Tafadhali nitumie kasha lote kwa posta, na usikisahau kile kisanduku cha sabuni chenye antena. Hicho ndicho kitakaa katikati.

Neno lile tuliache, limepita. Nyumbani nitakuja kazi ikipungua.

Mwanao

9 Aprili

Kwako mwanangu,

Salamu tele. Huku kwema, paa bado linavuja lakini tumeshazoeana, mimi na ndoo.

Kazi ya lifti haitapungua mpaka watu waache uvivu wa ngazi, kwa hiyo najua jibu lako ni nini. Haya.

Kasha liko njiani. Nimechelewa kwa sababu, na sababu utaiona ukifungua. Mwanangu, vile vitu vilikuwa vimechakaa! Mikwaruzo, kutu, madoa, kama vitu vya jalalani. Nikajiambia, meza ya kwanza ya mtoto wangu, mbele ya watu, haiwezi kuwa na vitu vya aibu wakati baba yake amepaka rangi magari miaka thelathini na nane. Nikavipeleka gereji. Nilikuwa na buluu ya kumetameta iliyobaki kwenye gari la daktari mmoja. Nimevipiga mikono mitatu ya rangi kila kimoja, na vanishi juu. Hata kile kisanduku cha sabuni sikukiacha nyuma. Ukitaka kunyoa unaweza kujitazama humo.

Nimefanya kwa sababu ya lile neno. Wewe umeliacha, lakini mimi bado lilikuwa limenikaa kooni.

Baba yako

28 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Kasha limefika.

Nimekaa siku nne kabla ya kushika kalamu ili nisiandike kwa hasira. Ile mikwaruzo uliyoiondoa niliiweka mimi. Bastola ilikuwa na mkwaruzo mmoja karibu na mpini, pale rubani alipoiangusha kwenye kipindi cha tano, na nilikaa wiki nzima na tupa nikitazama picha ili uwe mahali pake. Kutu ya dira ilikuwa majani ya chai na rangi ya viatu. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, baba. Kununua anaweza yeyote. Lakini sawa, hivyo ni vya dukani, nitaanza upya.

Kisanduku cha sabuni hakikutoka dukani. Mama alikitengeneza nilipokuwa na miaka minane, Alhamisi moja kinyozi alipofunga mapema nikarudi nyumbani nalia. Alikitoa bafuni, akamwaga sabuni, akabandika kifungo cha koti lako na kipande cha antena ya redio mbovu. Akaniambia, "Haya Kamanda, ita meli yako." Likawa ndilo jina langu kwake, wewe ulikuwa ukilicheka. Na chini ya kisanduku, kwa sindano aliyoipasha moto, akaniandikia maneno. Yalikuwa membamba, ilibidi nikiinamishe dirishani ndipo niyasome, lakini yalikuwepo. Sina mwandiko wake mwingine wowote. Sasa chini ni buluu tupu, laini kama bati jipya.

Maji yakimwagika hayazoleki. Nakurudishia hicho kimoja. Siwezi kukitazama.

Mimi

14 Mei

Kwako mwanangu,

Salamu. Sijambo kiasi.

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikakaa. Sikujua. Alhamisi zote hizo nilikuwa gereji, na mama yako hakunieleza mambo yenu ya angani kwa sababu ningecheka. Ningecheka kweli. Hilo ndilo linaloniuma.

Maji hayazoleki, umesema. Lakini rangi si maji, na rangi ndiyo kitu pekee ninachokijua duniani. Nisikilize. Fundi mzuri angepiga msasa kwanza, kisha praima ya kushikiza, ndipo rangi. Kwenye kisanduku hicho nilifanya ovyo. Kilikuwa cha mwisho, nilikuwa nimechoka na praima ilikuwa imeisha, nikapiga buluu moja kwa moja. Na chini yake sikugusa msasa kabisa, maana nani hutazama chini ya kitu? Mwanafunzi wangu angefanya hivyo ningemfukuza. Uvivu wangu huo ndio tumaini letu, kwa sababu alichoandika mama yako sikukisugua, nimekifunika tu.

Thina siwezi kutumia, itakula plastiki pamoja na maneno. Nitatumia msasa ule mlaini kuliko wote, wa maji, na tone la sabuni. Saa moja kila asubuhi, mlangoni kwenye mwanga. Haraka haraka haina baraka.

Usiniambie aliandika nini. Nataka nifike mwenyewe.

Baba yako

10 Juni

Shikamoo baba,

Natumaini u mzima. Nimenyamaza muda mrefu, nisamehe. Samahani pia kwa barua ile. Sikuweka hata "mwanao" mwishoni, na niliona nikiwa nafunga bahasha, nikaifunga hivyohivyo.

Maonyesho yalipita juzijuzi. Sikuwa na muda wa kuanza upya, nikapanga vitu vyako vya buluu mezani vilivyo, na katikati nikaacha nafasi wazi. Meza zote zilijaa kutu bandia. Yangu ilikuwa inawaka. Wenzangu walinitania sana, mmoja akaniuliza kama safina yangu inapelekwa kuoshwa kila Jumapili. Kisha akaja mama mmoja mzee aliyewahi kushona mavazi ya waigizaji studio. Akainua bastola, akaigeuzageuza, akasema, "Siku ya kwanza ya kazi vyote huwa vinang'aa hivi. Uchakavu huja baadaye." Akauliza nani fundi. Nikasema ni baba yangu. Nikajikuta nimelisema kwa sauti kubwa, ukumbi ukageuka.

Kama msasa umefika kwenye plastiki na hakuna kitu, niambie tu. Sitakulaumu tena.

Mwanao

2 Julai

Kamanda,

Salamu nyingi kutoka kwa baba yako, ambaye ni mzima na ana vidole vilivyosinyaa kwa maji.

Kwanza nitubu. Mwezi wa tatu nilikuandikia kwamba mkono hautetemeki. Nilidanganya. Unatetemeka tangu mwaka jana, ndiyo maana gereji wamenipunguzia siku. Kwa bomba la rangi ni balaa. Lakini msasa hauna habari nao, ukitetemeka unasugua vilevile, tena taratibu. Nadhani mkono huu ulikuwa unaisubiri kazi hii.

Vanishi iliondoka wiki ya kwanza. Buluu ikawa ngumu. Kila asubuhi nasugua, nafuta kwa kitambaa, natazama, hakuna kitu. Wiki ya tano plastiki nyeupe ikaanza kuchungulia pembeni, nikaogopa, nikaacha siku mbili. Niliogopa kama siku nilipokaa nje ya wodi ya mama yako. Nikaendelea.

Jana nikafuta kwa kitambaa na maneno yakawa yananitazama. Mwanangu, hakuna haja tena ya kuinamisha dirishani. Rangi ya juu imetoka yote, lakini ile iliyozama ndani ya alama za sindano imebaki, msasa haufiki humo. Plastiki nyeupe, na mwandiko wa mama yako umesimama kwa buluu yangu. Nimeusoma bila miwani:

KAMANDA UKIMALIZA NYOTA RUDI ULE.

Ile "R" yake yenye mguu mrefu. Nimelia, sikufichi, jirani amekuja kuuliza kuna msiba gani. Nikamwambia hakuna msiba, tumepata barua.

Nilikuwa nimeandaa bahasha ya posta. Nimeirudisha kabatini. Sikitumi. Nimekiweka mezani, mahali pako, na aliyeandika hakuandika "tutakutumia". Kifuate. Atakayepika ni mimi, kwa hiyo punguza matumaini.

Baba yako

8 Julai

Shikamoo baba,

Nimepewa ruhusa ya siku kumi kazini. Lifti mbili ni mbovu, wapande ngazi.

Nafika Jumamosi kwa basi la asubuhi. Nimebeba vile vya buluu vyote, vikae na mwenzao. Paa tutaliziba Jumapili. Mkono wako nitautazama mimi mwenyewe, na tutaonana na daktari, usibishe.

Nikichelewa funika sahani.

Kamanda wenu