Madirisha ya Dwight na ya Gil

Jumatatu, 3 Machi 1986

Wameanza tena, Dwight na Gil. Kila mmoja ameandika programu yake ya kusimamia madirisha, yale masanduku ya maandishi na picha, kwenye skrini ya kompyuta mpya tunayoitengeneza. Dwight anataka yakae ubavu kwa ubavu, hakuna kufunikana. Gil anayalaza moja juu ya jingine, kama karatasi mezani. Bosi wetu Marge kasema mashine itatoka na programu moja tu. Wateja waje Alhamisi, wachague wao.

"Yako kabati la vyombo, kila kitu na rafu yake," Gil akamwambia Dwight. Dwight akarusha kikombe ukutani. Kahawa mpaka kwenye nywele zangu!

Jumatano, 5 Machi

Gil kachezea moto. Alikaa kwenye mashine yake na kupitia mtandao wa ofisi akaizima programu ya Dwight — Dwight mwenyewe yuko katikati ya kazi! Madirisha yakabaki uchi, bila fremu, hayasogei. Tukamsikia Gil akicheka upande wa pili wa ukuta.

Dwight aliinuka. Alimfuata, akamkaba ukosi, akambamiza kichwa mlangoni. Tena. Tena. Nikamvuta mkono, akanisukuma, nikaangukia pipa la taka. Gil anatema damu na bado anacheka: "Piga, bwana! Kesho zamu yako kupigwa."

Marge akafunga mlango. Noreen, akaniambia, haya yasitoke humu mpaka wateja waondoke. Nikaitikia. Nyonga inauma.

Alhamisi, 6 Machi

Wateja wamechagua ya Gil. Mama mmoja wa benki alishika kipanya, akaburuta dirisha juu ya jingine, akacheka kwa furaha. Basi. Dwight akapiga makofi pamoja nasi.

Wageni walipotoka Gil akamgeukia: "Pole, fundi makabati."

Dwight aling'oa kibodi — hizi zetu nzito, zenye bamba la chuma chini — akampiga nayo usoni. Kona ikaingia jichoni. Ule mlio! Gil akaanguka, Dwight akazidi kumpiga, vitufe vinaruka sakafuni kama meno. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Kisha akaisukuma skrini chini, kioo kikalipuka. Halafu akakaa. Akajifuta kwa tai.

Ijumaa, 7 Machi

Jicho la kushoto la Gil limekwenda. La kulia madaktari hawasemi.

Connie, mke wa Gil, alinishika mkono hospitalini: "Nani kamfanya hivi, Noreen?" Nikasema narudi sasa hivi. Nikakimbilia garini!

Ofisini Marge ananingoja. Polisi wanakuja. Anataka niseme Gil alijikwaa, skrini ikamwangukia. Programu yake bado ina kasoro, mashine lazima itoke Aprili, na wa kuimalizia ni Dwight peke yake.

"Na Gil?"

"Gil haoni, mama. Nani ataandika?"

Dwight yupo. Kwenye kiti cha Gil! Sakafu imeoshwa. "Noreen, hebu njoo. Hapa dirisha linapoinuliwa juu ya mengine, Gil alikusudia nini?" Sauti ya kawaida kabisa.

Sijainuka. Naandika haya mezani pangu ili nionekane nina kazi. Askari yuko mapokezi, kofia mkononi, Marge anamchekesha. Sasa wanakuja huku.

Dwight ananiita tena —