Ukurasa Wako katika Kitabu cha Hospitali

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Ni mwaka wa pili tangu tukuzike na sijawahi kukuandikia. Leo nakuandikia kwa sababu kitabu kimefika.

Unakumbuka kilivyoanza. Ulikuwa unaishi nasi hapa ugenini, Temple Hills, chumba cha chini, barua ikaja kutoka Uingereza. Wastaafu wa ule mji mdogo ulikosomea unesi, ukiwa binti aliyetoka Tanga juzi tu, walikuwa wanaandika historia ya hospitali yao. Ilikuwa imefungwa na kugeuzwa nyumba za kupangisha. Waliomba kumbukumbu zako. Macho yako yalishaanza kukuangusha, basi ukawa unasimulia, nami nachapa kwenye kompyuta kila jioni nikitoka kazini Beltsville.

Ulisimulia bila haraka. Kwamba hospitali ile ilijengwa na wenyeji wenyewe. Wafanyakazi wa viwanda vya nguo walikatwa kidogo kwenye mshahara kila wiki mpaka ikasimama, na hata serikali ilipoichukua, waliendelea kuiita "yetu". Kwamba zamani, kabla hujafika, watoto wa shule waliwaletea wagonjwa mayai, wameandika majina yao kwa penseli kwenye maganda. Kwamba asubuhi moja ya theluji mkunga alikwama njiani, ukampokea mtoto wewe mwenyewe.

Halafu, tukila, ukanitajia yule mzee wa wodi ya wanaume aliyekataa usimwogeshe kwa ajili ya rangi yako. "Niletee nesi wa kweli," alikuambia. Ukabeba beseni lako ukaenda kitanda cha pili.

"Hilo niliandike?" nikauliza.

"Usiliandike."

"Si ni kweli, Shangazi?"

"Ni kweli. Lakini hiyo ni habari ya yule mzee. Mimi nimeulizwa habari ya hospitali."

Nililiandika. Mistari mitatu tu. Niliona unawastahi watu wasiostahili, nikajiona nakutetea. Nilipokusomea barua nzima kabla hujatia sahihi, mistari ile niliiruka.

Kijitabu kilipokuja mimi nilikuwa kazini. Mume wangu, Hamisi, ndiye aliyekusomea, hajui lolote. Nafasi iliwabana wale wastaafu, wakapunguza: mtoto wa theluji hayumo, mayai hayamo. Ilibaki picha yako ya kofia nyeupe, na chini yake yule mzee.

Nilikukuta umekaa mezani, kijitabu kimefungwa mbele yako.

"Miaka minne nimefanya kazi pale," ulisema. "Nimebaki mtu aliyekataliwa."

"Nisamehe, Shangazi."

"Uliponisomea, uliruka."

"Ndiyo."

"Haya."

Hukulitaja tena. Wiki mbili ulikula chumbani kwako. Nilikuona na kalamu nene na lenzi ya kukuzia maandishi, sikuthubutu kuuliza unaandika nini. Baadaye tulirudi kuzungumza mambo ya kawaida, chumvi, hali ya hewa, simu za nyumbani. Masika yaliyofuata ukafariki.

Sasa wamechapa toleo la pili. Barua uliyoandika mwenyewe kwa ile kalamu nene imo yote, kurasa sita. Umewataja watu ambao hakuna mwingine aliyewataja: mpishi, mfua shuka, yule baba aliyesukuma vitanda mpaka chumba cha upasuaji huku akiimba. Ukurasa wa zamani umeondolewa, na katibu wao ameeleza kwamba ni wewe uliyeomba. Karibu na mwisho umeandika: "Pale nilipata heshima, na siku nyingine niliikosa. Nimechagua mwenyewe la kusema."

Nilisoma nimesimama jikoni, nikaendelea kupika. Sitakudanganya, bado naamini habari ya yule mzee ilifaa kuandikwa. Ila haikuwa yangu.

Jumapili tulitembelewa na binamu kutoka Tanga. Aliwahi kuliona toleo la kwanza, akaniuliza, "Hivi Shangazi walimtendaje kule Uingereza?" Nilishafungua mdomo. Nikaufunga, nikaenda kumletea kitabu asome mwenyewe.

Pumzika, Shangazi. Sina zaidi.

Mtoto wa kaka yako