Unga wa Bibi Usoni Mwangu

Ushirombo, 11 Desemba 1953

Mpendwa Mshauri,

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba msaada, na kabla sijaanza naahidi kusimulia yote, hata yale yanayonitia aibu, kwa sababu Sista alitufundisha kwamba anayeungama nusu hutoka na dhambi zake zote pamoja na moja mpya.

Nimemaliza darasa la nane katika shule ya misheni. Asubuhi ya mtihani wa mwisho bibi yangu Mbuke, mama yake baba, ambaye hajabatizwa, alinipigisha magoti mlangoni, akachovya vidole katika kibuyu cha maji yenye unga wa mtama, akanipaka kwenye paji la uso, kisha akajaza kinywa na kunipulizia maji hayo, kama wafanyavyo wazee wetu wanapombariki mtu anayekwenda kwenye jambo zito, akasema, "Mungu, mtazame huyu, na wewe Bujiku mume wangu, usilale," nami nikaitikia vizuri, lakini nilipofika kisimani nikakumbuka maneno ya rafiki yangu Apolonia, binti wa katekista, kwamba neema ya ubatizo ni kama shuka jeupe, ukiligusisha mambo ya kishenzi limekwisha, basi nikajisugua kwa sabuni mpaka ngozi ikauma, nikaingia kanisani nikajinyunyizia maji ya baraka, tena si kidogo, hata gauni lililowa.

Nilifaulu, nikawa wa kwanza, na Januari nakwenda kusomea ualimu. Tangu hapo baraka yangu imepata wenyewe wengi. Apolonia anasema ni kwa ajili ya sabuni ile. Baba, anayefanya kazi mgodini Geita, amekuja na sukari na kusema ni mishumaa miwili aliyoniwashia, tena mirefu. Aliwasha mingine miwili ili awe mnyapara, na hakuwa, lakini hiyo haitaji. Mimi nami, naungama, nilifikiri labda ni bidii yangu. Bibi peke yake hakudai kitu. Alicheka tu na kupiga vigelegele, mpaka Apolonia alipomweleza, kwa nia njema kama kawaida yake, habari za kisimani.

Bibi akaniita. "Mayu," alisema, maana huniita mama, "uliuosha?"

Nikasema ndiyo.

"Kwa sabuni?"

Ndiyo.

"Kumbe Mungu wenu anaogopa unga."

Akarudi kupepeta mtama wake, na leo ni siku ya kumi na mbili hajasema nami, naye ndiye aliyemkatalia baba ng'ombe ishirini wa mahari yangu mwaka juzi, akisema kwanza nisome.

Lori la kunipeleka chuoni linaondoka tarehe 4 Januari. Sitaki kuondoka bila baraka yake, wala sitaki kuipoteza neema ya Mungu. Je, nikipiga magoti tena na yeye akanipaka unga, neema itabaki? Tafadhali nijibu kwa posta ya kwanza.

Mwanao katika Kristo,
Scolastika Thobias

JIBU

Milele amina, Scolastika.

Hongera. Mapadri walitembea kwa miguu kutoka pwani kutuletea Injili, kumbe kilichohitajika kumlinda Mwenyezi Mungu ni kipande cha sabuni! Yeye aliyeuumba mtama na kuunyeshea mvua, ulipofika kwenye paji lako la uso akatetemeka. Pole yake.

Umefundishwa vizuri, mwanangu, ila umeelewa vibaya. Neema si shuka la Apolonia. Wala si mshahara wa mishumaa, na hilo mwambie baba yako taratibu, mkiisha kunywa chai ya sukari yake. Neema ni zawadi. Siku uliyobatizwa ulikuwa mchanga, huna bidii ya kitu chochote isipokuwa kulia, na bado ulipewa.

Unataka kujua ilipita wapi? Mwaka juzi ng'ombe ishirini walitajwa nyumbani kwenu, na mwanamke mmoja asiyejua kusoma akawakataa ili wewe usome. Wewe uliona bibi tu. Mungu alikuwa akipita hapo, wala hakumwomba mtu cheti cha ubatizo.

Najua jina la marehemu babu yako ndilo linalokutia hofu. Hukuambiwa umwabudu. Kila Novemba sisi huwaombea marehemu wetu, mwombee naye. Moyo ukizidi kukusuta, muulize padri. Usimuulize Apolonia, ambaye, kwa habari nilizo nazo, bado hajapewa upadri.

Kosa unalo, lakini si la unga. Ulipiga magoti, ukaitikia, kisha ukaenda kumfuta bibi yako kwa siri. Hilo ndilo la kuungama, na wa kuanza naye yuko hapo nyumbani anapepeta.

Basi usingoje tarehe 4. Ukimaliza kusoma barua hii chukua ungo, kaa karibu naye, mpepetee mtama. Usimhubirie. Akinyamaza, nyamaza nawe. Kisha mwambie, "Bibi, nilikukosea. Nibariki tena." Akitaka usubiri, subiri, yeye amekusubiri tangu ulipozaliwa.

Asubuhi ya safari piga magoti mlangoni, Apolonia akiwepo na atazame, halafu panda lori hivyo hivyo na unga wako usoni. Utakauka wenyewe njiani. Na sabuni ifunge chini kabisa ya sanduku, mahali ambapo mkono wako hautaifikia kabla hujafika.