Kapteni wa Sebuleni

Shoga, nimejifungia chooni kwa dada, nimecheka mpaka mbavu zinauma 😂😂

Unamjua shemeji, huyu mume wa dada anayejiita Kapteni? Leo kamkalisha Mama kwenye kochi amwonyeshe anavyotua ndege ya kompyuta. Skrini tatu! Na kikamera kinachofuata kichwa: ukigeuza shingo, picha nayo inageuka.

Asubuhi, mimi fundi simu wa watu, nilimwambia, shem, kipunguze makali. Kwa skrini tatu, ukichungulia tu ya pembeni, picha yote inakukimbia. Akanijibu, "Wewe tengeneza simu zako."

Simu zangu!!

Basi ndege inashuka, bwana mkubwa kifua mbele. Mama akamuuliza, "Baba, hiyo inabeba watu wangapi?" Sasa mama mkwe utamjibu ukiwa umempa kisogo? Akageuka kwa adabu zote. Picha ikazunguka hadi kwenye mkia. Kurudisha uso mbele, ndege iko mtoni!

Eti kamera mbovu. KAMERA!

Mama akanigeukia taratibu: "Mwanangu, kesho si ndiye anayenipeleka stendi na gari? Nitafutie teksi."