Mtori wa Mzazi Usiuguse

Baba Jackson,

Nimeshuka Moshi kuchukua dawa zako, nitarudi jioni. Sufuria ndogo ina ndizi na maharage, nimeunga kwa mafuta kidogo sana. Parachichi liko kabatini. Maziwa yako ni ya jagi la bluu, nimeshaengua mafuta. ~~Chai usinitengenezee.~~ Nibakizie chai kwenye chupa.

Sufuria kubwa ni mtori wa mkwe wetu Elisifa. Nimeutia tena nyama ya mafuta na samli kwa sababu ananyonyesha, si kwamba nakunyima. Asubuhi nilipokukuta umeinamia sufuria, upawa mdomoni, nilifoka mbele yake. Hapo nilikosa, nisamehe. Lakini daktari aliposema lehemu imepanda kwenye damu yako, tulikuwa wote. Na Elisifa alipoona umemaliza nyama, akasema ameshiba. Ni heshima tu, baba. Hakuwa ameshiba.

Usiku nakusikiliza unavyopumua. Hilo sikuwahi kukwambia.

Mtoto ana siku tisa na tumempa jina lako. Akishajua kuongea, mtu akiita Eliufoo hapo getini, nataka muitike wawili.

Mama Jackson