Alama ya Kibla Ukutani

Bi Zuhura,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nikianza bila kukuamkia ungeninunia.

Ni mimi Kazungu, yule mwanafunzi wa udaktari uliyemfokea ulipokuwa muuguzi wodini hapa Malindi. Siku ile nilimtoa nje binti wa mzee aliyekuwa akikata roho, kisa saa za kuona wagonjwa zimekwisha. Ukanivuta kando. "Weye mwana, dawa zako zishamaliza kazi. Sasa ni zamu ya bintiye." Ukamrudisha. Ukageuza kitanda kufuata alama ya chaki uliyochora ukutani kuonyesha kibla, na binti akamlakinia babake shahada, akimtamkia sikioni taratibu, mpaka pumzi ikakatika. Mimi, Mgiriama na Mkristo, nilisimama pale nikajifunza kunyamaza.

Tangu hapo kila Muislamu aliyefia mikononi mwangu nilimgeuza. Nilipofanywa mwalimu wodini humo humo, niliwafundisha wanafunzi mapafu na ini. Hili sikuwafundisha. Nilidhani watalipata kwako, kama nilivyolipata mimi.

Kisha ukalazwa wewe. Alasiri yako ya mwisho nilikuwa Kilifi mkutanoni. Wodi ilikuwa imepakwa rangi upya, chaki yako imefunikwa. Niliporudi nilimkuta dadako, Bi Mwanaisha, kwenye benchi nje, ameshika kikombe cha maji ya kukulowesha midomo. "Wamenambia saa zimekwisha, daktari." Alisema kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyonimaliza. Ndani ulikuwa umeshatuacha, uso umeelekea kabati la dawa.

Wanafunzi wangu walifuata sheria tu. Kosa ni langu. Linaniuma hata nikiwa mezani nala. Nisamehe, Bi Zuhura. Nisamehe.

Baada ya arobaini nilimwomba Bi Mwanaisha aje awafundishe. Akawaonyesha namna ya kulowesha midomo kwa pamba, na kwamba shahada hutamkwa kwa upole, mgonjwa asichoshwe. Yule mwanafunzi wa kike aliyemtoa nje siku ile alilia. Bi Mwanaisha akampa kikombe akishike.

Leo nimeirudisha alama yako pale pale, kwa rangi ya mafuta. Naahidi: maadamu nafundisha hapa, hakuna ndugu atakayengojea kifo cha mtu wake kwenye lile benchi. Nimeling'oa.

Kwaheri, mama. Mola akulaze pema.

Mwanafunzi wako aliyechelewa,
Kazungu